Sanda ya Kupimia Picha

Fundi Nurdini wa Ipuli si mpiga picha, na ukimwita hivyo atakusahihisha kabla hujamaliza kukaa. Yeye ni fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani, na kamera ile aliinunua kwa jirani yake Mathias, mpima ardhi mstaafu, siku Mathias aliposema amechoka kuitazama dunia kwa jicho moja. Hatozi mtu. Harusini haendi, mandhari hapigi. Anachotaka ni uso wa mtu, basi. Utakaa kwenye kiti mlangoni pa duka lake, utashikwa kidevu na kugeuzwa huku na huku kama boga la sokoni, na baada ya nusu saa utaambiwa urudi kesho kwa sababu kuna wingu limepita.

Na watu wanarudi. Mtu wa Tabora yuko tayari kupoteza siku mbili kwa kitu cha bure.

Ugonjwa wa Nurdini ni rangi, na aliupata kwenye harusi ya binti yake. Hafsa aliolewa Mwanza miaka mitatu iliyopita, picha zikapigwa na bwana mmoja hodari mwenye taa mbili na kompyuta. Sasa, mke wa Nurdini, Tatu, ni mtu wa Ntalikwa, mweusi tititi, weusi ule ambao ukiutazama vizuri mchana unaona ndani yake mna wekundu kidogo na zambarau kidogo. Nurdini ameutazama miaka ishirini na minane na hajauchoka. Bwana wa taa mbili hakuuona hivyo. Aliuona ni kosa, akalirekebisha. Albamu ilipofika, mama wa bibi harusi alikuwa mwanamke wa rangi ya chai iliyozidi maziwa, hana kunyanzi hata moja. Na kwenye picha chache ambazo yule bwana alisahau kuzirekebisha, Tatu alikuwa giza lililovaa kilemba.

Tatu aliifungua albamu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Alinyanyuka, akachukua mkasi wa mumewe, ule wa kukatia suti ambao Nurdini haruhusu hata ukate karatasi, akajikata mwenyewe kutoka kwenye kila picha, taratibu, akifuata mstari wa bega na kilemba. Picha kumi na nne.

“Bora pabaki tundu,” alisema, “kuliko mwanangu amwite mama mtu nisiyemjua.”

Mwezi uliofuata Nurdini akanunua kamera. Tatu alimwacha ahangaike nayo wiki nzima, kisha akamwekea sharti. “Nitakaa mara moja, mume wangu. Moja tu. Nikitoka mimi, sawa. Akitoka yule mwanamke mwingine, usiniombe tena mpaka naingia kaburini.”

Mwaka haukuisha, Hafsa akajifungua mtoto wa kike, Maram, na Maram alimjua bibi yake kwa sauti tu, maana kwenye simu ya video bibi alikuwa kivuli chenye meno. Kwa hiyo Nurdini hakutaka kuitumia vibaya ile mara moja. Akaanza kujifunzia kwa wengine. Nusu ya watu wa Ipuli wamepigwa picha kama mazoezi ya uso wa Tatu, na hadi leo hawajui.

Mwanga aliupata mapema. Fundi cherehani yeyote anajua kwamba uzi haulinganishwi na nguo chini ya taa. Unavichukua vyote viwili, unatoka navyo mlangoni, unatazama. Kwa hiyo watu wake wote aliwakalisha mlangoni. Kilichomtoa jasho ni weupe. Mathias alimsomea kile kitabu cha kamera: kamera ni mjinga, haijui rangi, lakini ukiionyesha kitu cheupe na kuiambia hiki ndicho cheupe, rangi nyingine zote itazipata yenyewe. Kumwambia fundi cherehani alete kitu cheupe ni kama kumwambia mlina asali alete nta. Nurdini alicheka, akashusha jora la bafta nyeupe kutoka kwenye rafu.

Watu wakatoka manjano. Bafta ya siku hizi, kumbe, kiwandani wameitia bluu ili ing'ae, na kamera ikiona bluu imeitwa nyeupe inalipiza kisasi kwa kumwaga manjano kwenye nyuso za watu. Akaleta marekani, kile kitambaa cha zamani kisichopaushwa. Hicho chenyewe kina rangi ya maziwa, umanjano kwa mbali, basi Sadiki, fundi baiskeli wa pale njiapanda, akatoka bluu hadi masikioni, na mkewe, akidhani ni ugonjwa, akamkataza kula papai kwa wiki mbili. Akajaribu sahani. Akajaribu chumvi ya Uvinza, ikanyonya unyevu ikawa kijivu. Akajaribu unga wa muhogo kwenye ungo, akampakatisha jirani yao Bi Zuwena, na Bi Zuwena akapiga chafya. Picha hiyo ipo, na Bi Zuwena ameapa atakayeionyesha watakutana mbele ya Mungu.

“Weupe wote wa mji huu ni uongo,” Nurdini alimlalamikia mkewe. “Wametia bluu.”

“Na wewe umetiwa wazimu,” Tatu akamjibu, akaendelea kuchagua mchele.

Aliyeleta balaa ni Mathias, tena kwa mzaha. Walikuwa barazani wanakunywa kahawa, akasema, “Nguo nyeupe isiyoguswa na bluu utaipata wapi leo? Labda sanda ya Mzee Ghalibu.”

Nurdini akaweka kikombe chini.

Mji mzima unaijua sanda ya Mzee Ghalibu, ingawa hakuna aliyeiona. Mzee Ghalibu ni mfanyabiashara wa pale karibu na soko, mtu wa miaka themanini na kitu, ambaye wazee wake walikuja na misafara kutoka pwani wakiuza nguo, na yeye akabaki anauza nguo. Alikwenda Makka miaka thelathini na mitatu iliyopita, akanunua sanda yake mwenyewe hukohuko, akaisuuza kwa maji ya Zamzam, akaikunja, akaifungia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Mtu kujiwekea sanda si ajabu kwetu. Ajabu ni mtu mwingine kwenda kuiazima.

“Shikamoo, Mzee Ghalibu,” Nurdini alipaza sauti karibu na sikio la mzee, dukani kwake.

“Marahaba, fundi. Kanzu yangu iko tayari?”

“Bado, mzee. Nimekuja kuazima kitu.”

“Sema.”

“Sanda yako.”

Mzee Ghalibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Nani kafa?”

“Hajafa mtu, mzee. Ni ya picha.”

“Nurdini, sanda haiazimwi. Mimi nikifa umeishika wewe, nitazikwa na nini?”

“Nitairudisha kabla ya adhuhuri.”

“Na nikifa saa tano?”

Nurdini si mtu wa kujibu ovyo. Alifikiri. “Nitakuja nayo mbio,” alisema.

Ndipo ikabidi aeleze yote, tangu albamu na mkasi hadi mtoto Maram wa Mwanza. Mzee Ghalibu alisikiliza ameinamisha kichwa, na alipokiinua macho yalikuwa yamelowa. Mkewe, Bi Fakhria, alifariki zamani bila kupigwa picha, maana mzee mwenyewe alikuwa amekataza. “Nikifumba macho siku hizi nauona mtandio wake,” alisema. “Mtandio nauona mpaka pindo. Uso siupati.” Akajipangusa macho. “Ijumaa njoo uichukue. Lakini haipandi pikipiki. Itakwenda kwa miguu, itabebwa kwa viganja viwili, na mimi nitakuwa pembeni yake. Na kwa kuwa ni nguo ya akhera, tutaleta dhikiri njiani. Kimyakimya tu.”

Ijumaa ilipofika, saa nne na nusu, wakatoka. Nurdini mbele, viganja juu, sanda imefunikwa kitambaa cha kijani. Mzee Ghalibu ubavuni na fimbo yake, mwendo wa pole, analeta kalima, la ilaha illallah. Kimyakimya ya Mzee Ghalibu, ambaye masikio yamekufa siku nyingi, inasikika hadi stesheni.

Ambaye hajakaa Tabora hapa aelezwe. Msiba ukiukuta njiani hauulizwi. Ukiona sanda na ukisikia kalima, unaacha ulichoshika, unafuata. Aliyekufa utamjua hukohuko. Kuuliza katikati ya barabara ni kama kusema kuna maiti utakayemfuata na maiti ambaye hutamfuata. Sadiki wa baiskeli alikuwa wa kwanza kufuata, ameacha baiskeli ya watu miguu juu. Wakafuata wa kwenye kahawa. Ilikuwa Ijumaa, watu wameshaoga na kuvaa kanzu wanasubiri swala, kwa hiyo kila baraza lilikuwa na watu tayari. Masele, muuza karanga wa Igalula aliyekuwa ametoka kushuka kwenye treni na koti lake jekundu, hakumjua mtu hata mmoja pale. Naye akaingia kwenye mstari, akamwamkia mtu wa pembeni yake “mwangaluka” kwa sauti ya huzuni.

Nurdini aligeuka mara moja akaona watu ishirini. Aligeuka tena walipokaribia Ipuli, wakawa sitini. Na yeye pia ni mtu wa Tabora. Hakuuliza. Alijisemea, innalillahi, kumbe kuna msiba huku kwetu, nao wamepitia njia yetu, na akaanza kuhuzunika kweli, akijiuliza ni nani.

Nyumba ya Nurdini, ambayo chumba cha mbele ndicho duka, inaangalia kusini, na mwezi wa Juni jua linakaa upande wa nyuma, hivyo mlango unakuwa kivulini huku uwanja unawaka. Tatu alikuwa amekaa hapo mlangoni tangu saa nne, amevaa gauni la rangi ya zabibu na kilemba chake, ameshajitengeneza, anasubiri ile mara moja yake. Akawaona. Mumewe na sanda mkononi, na nyuma yake wanaume wa nusu mji wameinamisha vichwa. Nurdini alimwona akisimama, midomo ikitamka jina la Hafsa bila sauti, na hapo ndipo alipoelewa amefanya nini.

“Hafsa mzima!” alipiga kelele. “Hajafa mtu! Tatu, hajafa mtu!”

Alichelewa. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Lakini siku ile kilianza kwa Bi Zuwena, wa nyumba ya pili, ambaye alichungulia tu, akaona sanda inaingia kwa Nurdini na Nurdini mwenyewe ndiye aliyeibeba, akapiga hesabu haraka ni nani aliyebaki.

“Tatu wangu wee! Juzi tu nimemwazima kinu!”

“Zuwena,” Tatu akasema, “niko hapa.”

“Nakuona, shoga,” Bi Zuwena akajibu kwa kwikwi, “lakini niache kidogo, nimeshaanza.”

Uwanja ukavurugika. Sadiki alitaka kujua wanamzika nani. Nurdini alisema hakuna. Sadiki akasema hakuna vipi, mtu haachi kazi ya watu akatembea mpaka Ipuli kumzika hakuna. Mmoja akapendekeza kwamba kwa kuwa watu wameshafika, kisomo kisomwe tu, marehemu atapatikana. Masele aliwapa pole watu watatu. Mzee Ghalibu, aliyekuwa hajasikia lolote katika hayo, akagonga fimbo chini na kutangaza kwa fahari: “Sanda yangu imekuja kupigiwa picha!”

“Astaghfirullah,” mtu mmoja akasema.

Mzee akaona wanamdharau. Akakiondoa kitambaa cha kijani kwa mkono wake mwenyewe, akaikunjua sanda mbele ya wote, ili wauone weupe wa Makka.

Ilikuwa rangi ya samli. Miaka thelathini na mitatu ya udi na karafuu, kila mkunjo umeacha mstari wa kahawia, na pembe moja nondo wameshakula sehemu yao.

Mzee Ghalibu aliitazama muda mrefu. “Fundi,” alisema, “wewe unajua nguo. Ni nyeupe?”

Nurdini alitamani ardhi ipasuke. Akamwinamia sikioni. “Ilikuwa nyeupe, mzee.”

“Imenisubiri mpaka imezeeka,” Mzee Ghalibu akasema. “Nimechelewa kufa.”

Hapo hakuna aliyecheka. Tatu ndiye aliyesogea, akachukua kiti alichokuwa amekalia, akamkalisha mzee kivulini, akamletea maji. Kisha akarudi akasimama mlangoni, ameegemea mhimili, mikono kiunoni.

“Mzee Ghalibu,” alisema kwa sauti ya kumfikia, “babu zangu Wanyamwezi walibeba nguo za babu zako miezi mitatu, kutoka pwani mpaka hapa, juu ya vichwa. Leo umeleta nguo moja kutoka sokoni, tena kabeba mume wangu, na unahema?”

Mzee alimtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi maji yakamwagika kwenye kanzu, na Tatu naye akacheka.

Nurdini alikuwa ameshakata tamaa. Aliichukua kamera mezani ili aifiche ndani, basi, na ni kwa mazoea tu kwamba aliipeleka jichoni. Akamwona mkewe. Akaishusha, akamtazama kwa macho matupu, akairudisha jichoni. Uso wote ulikuwa umefunguka. Kuanzia paji la uso hadi chini ya kidevu, pale ambapo siku zote mlango huacha giza, palikuwa na nuru laini inayotoka mbele. Aligeuka kutafuta inatoka wapi. Ilikuwa inatoka kwa waombolezaji. Wanaume hamsini na kitu wenye kanzu nyeupe, wamesimama juani wameelekea nyumba, na jua linawapiga vifuani na kurudi kwa Tatu.

“Asiondoke mtu!” alipiga kelele.

“Tubaki tufanye nini?” Sadiki akauliza. “Maiti hamna.”

“Msimame tu! Msimame na kanzu zenu!”

Akaanza kuwapanga. Kanzu nyingi ameshona yeye, anazijua moja moja. Wewe yako ni ya maziwa, rudi nyuma. Wewe nzuri, njoo mbele, toa mikono mfukoni. Masele na koti lake jekundu alimpakia Tatu wekundu shavuni, akaombwa kwa heshima akakae nyuma ya nyumba, akaenda bila kinyongo, akiamini ndiyo desturi ya misiba ya mjini. Bi Zuwena alikatazwa kulia kwa sababu alikuwa anamtikisa mtu wa mstari wa kwanza.

Ikabaki rangi. Nurdini alisimama akikodoa macho kutafuta cha kuionyesha kamera, na ghafla akajionea aibu. Tangu lini fundi akatafuta weupe ili apate uzi wa kahawia? Alikimbilia ndani kwenye sanduku la nyuzi, akarudi na vigurudumu saba vya uzi wa kahawia, akaviweka kimoja kimoja shavuni kwa mkewe mbele ya umma. Cha kwanza kijani mno. Cha tatu kimekufa. Cha tano kiliwekwa shavuni kikapotea, hakikuonekana kilipoanzia. Akamkabidhi Tatu akishike, akaigeuza kamera, akabonyeza, akalinganisha, akabonyeza tena, mpaka uzi wa kwenye kioo na uzi wa mkononi zikawa uzi mmoja.

“Haya,” alisema. “Ndiyo hii.”

Tatu alikitupa kigurudumu kwenye paja la Mzee Ghalibu, akaunyoosha mgongo, akamtazama mumewe. Hakutabasamu. Alimtazama kama anavyomtazama jioni anaporudi, akitaka kujua siku imemtendaje. Nurdini akapiga. Mara moja tu, kama walivyoahidiana.

Akampa kamera aone. Watu hamsini walisogea karibu, maana kufikia hapo kila mmoja alikuwa amejua jambo ni nini. Tatu aliitazama picha. Aliisogeza karibu, akaiweka mbali, akagusa shavu lake kwa kidole kisha akagusa kioo.

“Zuwena,” Tatu akaita, bila kuinua macho. “Siku nikifa kweli, uje ulie hivyohivyo ulivyolia leo. Na Maram akiuliza bibi alikuwa nani, muonyesheni hii.”

Miaka mitatu Nurdini alikuwa akiliomba neno hilo, na lilipokuja hakuweza kulivumilia. Alikaa kizingitini, karibu na miguu ya mkewe, mbele ya watu wote, akamwambia asife.

“Toka hapo, mume wangu,” Tatu akasema, akimwekea mkono kichwani. “Nenda kwa Mathias ukaombe masufuria makubwa. Watu wamekuja msibani kwangu, watarudi na njaa?”